Nilivyoanzisha huduma ya usalama kazini kwa karakana ndogo za Dar es Salaam

Kwa miaka kadhaa nilikuwa afisa usalama kwenye kampuni ya ujenzi hapa Dar es Salaam. Mshahara ulikuwa unaingia, na vitendea kazi vilikuwepo: kikao cha asubuhi kabla ya watu kupanda juu, vibali vya kazi za hatari, glovu za kubadilisha zikichakaa. Mradi ulipokwisha, mkataba wangu nao ukaisha. Kabla sijaanza kuzungusha barua za maombi nikawakumbuka wale waliokuwa wakituletea milango, grili na makabati kutoka Keko, Buguruni na Vingunguti. Walikuwa wakifika getini tunawazuia: hawana viatu vya usalama, hawana karatasi yoyote, na mizigo yao inakaa juani mpaka bosi wao apige simu ya kulalamika.

Watu wale hawakuwa na wa kumwuliza. Karakana yenye mafundi wanane haiwezi kumlipa afisa usalama wa kudumu, lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 haiwasamehe kwa sababu ya uchache wao. Sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wafanyakazi wapimwe afya, mashine ziwe na kinga, vihatarishi vitambuliwe na vishughulikiwe. Hapo nikaona kazi ipo.

Upande wa makaratasi yangu mwenyewe sina mengi ya kusimulia. Jina la biashara nilisajili BRELA kwa mtandao, nikachukua namba ya mlipakodi TRA, nikaenda manispaa kwa ajili ya leseni. Kilichohitaji akili zaidi ni kujitofautisha na serikali. Ukaguzi wa kisheria ni kazi ya OSHA, mimi ni msaidizi wa mwajiri, namwandaa. Unaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Ingia Keko umevaa kizibao kinachong'aa na faili mkononi uone. Mashine zinazimwa moja baada ya nyingine, vijana wanapotea nyuma ya mbao, na anayebaki anakuambia bosi kasafiri.

Kizibao na faili nikaviacha nyumbani. Nikawa naenda saa ya chai, nakaa kwenye benchi la mama lishe aliye karibu na karakana ninayoitaka. Mama lishe ni daftari la ajali la mtaa mzima. Anajua nani anakula kwa mkono wa kushoto wiki hii na kwa nini, nani amerudishwa kijijini, bosi yupi alilipa hospitali na yupi alizima simu. Nikimaliza chapati zangu mbili nakuwa nimeshajua mashine ipi katika uwanja ule ina tatizo, na ninapomwendea mwenye karakana sianzi na sheria, naanza na mashine yake.

Hata hivyo mashine peke yake haikumfanya mtu atoe hela. Wenye karakana wengi walinisikiliza kwa heshima, wakanipa soda, wakasema "tutawasiliana dada". Mlango ulifunguliwa na zabuni. Mzee mmoja wa Keko alipata kazi ya kutengeneza samani za ofisi kwa kampuni kubwa, na idara ya manunuzi ikamwambia kabla ya oda kutoka alete cheti cha OSHA, cheti cha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sera ya usalama na tathmini ya vihatarishi. Alinipigia usiku. "Binti yangu, yale mambo uliyokuwa unayasema, njoo kesho asubuhi." Tangu siku hiyo nikajua wateja wangu ni akina nani: ni mtu mdogo anayetaka kumuuzia mtu mkubwa. Kampuni za ujenzi, viwanda, migodi, hoteli, wote siku hizi wanawauliza wanaowahudumia kuhusu usalama. Kwa hiyo badala ya kutembea karakana kwa karakana, nikaenda kwa maafisa manunuzi niliofahamiana nao enzi za ujenzi, nikawaomba jambo moja tu: mkimkataa fundi kwa kukosa vyeti, mpeni namba yangu.

Kwa yule mzee tulianza na usajili, ambao hauna ada tena tangu serikali ipunguze tozo za biashara, na watu wengi hawajui. Halafu Mfuko wa Fidia. Hapa nilimwona akiacha kalamu. Kwa sekta binafsi mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, na anayelipa ni mwajiri, hamkati mfanyakazi. Tukapiga hesabu: mishahara yake yote kwa mwezi ilikuwa kama milioni tatu, kwa hiyo mchango ni shilingi 15,000. Mwaka uliopita alikuwa ameuza pikipiki ili kumtibu kijana aliyekatwa vidole. "Kumbe hawa ndio wangemtibu?" Ndio hao, kama angekuwa amejisajili na kutoa taarifa ya ajali kwa wakati. Hakusema kitu tena, akamtuma karani wake alete orodha ya wafanyakazi. Nadhani hakuna maneno yangu mengine yaliyowahi kuuza huduma hii kama hesabu ile.

Sasa mashine. Ilikuwa mashine ya kupasulia mbao iliyotengenezwa hapahapa mjini, meza ya vyuma vya engo, mota chini, mkanda wazi. Msumeno ulikuwa umechomoza juu ya meza kama shubiri nzima, wakati ubao unaopasuliwa una unene wa inchi moja. Waya za umeme zilichomekwa kwenye soketi bila plagi, zimebanwa na njiti za kiberiti. Swichi ilikuwa ukutani nyuma ya fundi, yaani akitaka kuizima lazima aupe msumeno mgongo. Na juu ya msumari, ikiwa na vumbi la miezi, ilining'inia kinga ya msumeno.

Nikamwuliza fundi kwa nini ipo ukutani. "Dada, hiyo ukiiweka mstari sioni." Alikuwa na haki. Kinga ilikuwa pana kama sahani, na mtu anayepasua mninga wa bei ile hawezi kufanya kazi kwa kukisia. Ningeamrisha irudishwe, ingerudi nikiwepo na kutoka nikishavuka mtaro. Nikampa chaki achore sakafuni kinga anayoweza kuivumilia. Akachora kitu chembamba, upana wa vidole viwili, chenye bawaba, kinachoinuka ubao ukiingia na kushuka ukipita. Fundi wa kuchomelea wa jirani akakitengeneza kwa vipande vya bati nene vilivyokuwa vimetupwa. Nyuma ya msumeno tukaweka bapa la chuma linalozuia mpasuo usifunge, maana ubao ukiubana msumeno, ubao huo hurushwa kwa nguvu kuelekea tumboni kwa fundi. Bolti za kupandishia meza zilikuwa zimeshika kutu, tukazimwagia dizeli zikalala nayo, asubuhi meza ikapanda mpaka yakabaki meno tu juu ya ubao. Swichi ikahamishwa mbele, usawa wa goti. Plagi ikanunuliwa. Kijiti cha kusukumia mbao fupi kikachongwa palepale kutoka kwenye masalia.

Gharama yote haikufika hata nusu ya kile mzee alichokuwa ametumia kununulia mafundi kofia ngumu za njano. Kofia ngumu, kwenye karakana isiyo na kitu cha kuangukia mtu kichwani! Hili nimelikuta mahali pengi. Watu wakisikia usalama wanafikiria kofia na kizibao kwa sababu ndivyo wanavyoviona kwenye picha. Mimi vifaa kinga naviweka mwisho. Kwanza naangalia kama hatari inaweza kuondolewa, au kazi ikafanywa kwa njia nyingine, au mashine ikazungushiwa kinga. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha glovu, miwani na barakoa.

Kelele ilinipa shida zaidi kuliko vidole, kwa kuwa haitoi damu. Kipimo cha kelele chenye uhakika ni ghali, nilianza na programu ya simu, ambayo haifai kwa ripoti rasmi lakini inatosha kumwonyesha mtu. Kiwango cha juu kinachokubalika na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja. Mashine ya randa ilikuwa inavuka hapo, na vijana walikuwa nayo kutwa. Vizibo vya masikio walivikataa wakisema hawatasikia simu za wateja. Tukakubaliana randa ipigwe asubuhi tu, kwa zamu, na mashine ihamishiwe pembeni mbali na wanaopiga vanishi. Anayesimama kwenye randa avae vizibo na simu yake amwachie mwenzake. Hii wameishika.

Bei niliipanga kwa mwezi, si kwa ripoti. Mwenye karakana hana utamaduni wa kulipia ripoti, ila kodi ya pango na mlinzi anavilipa kila mwezi bila kuulizwa. Karakana yenye watu chini ya kumi ilianza kwa shilingi 80,000, inalipwa mwanzoni mwa mwezi kwa simu. Kwa fedha hiyo napita asubuhi mbili za mwezi, naongea na mafundi dakika kumi kabla mashine hazijawashwa, nakagua, naandika kwenye daftari linalobaki pale kazini, na nafuatilia tarehe za vyeti na upimaji wa afya. Kisha nikagundua karakana tano zinaweza kuwa ndani ya uzio mmoja zikitumia mita moja ya umeme na choo kimoja. Hao nawahudumia kwa pamoja, kila mmoja 50,000, na sanduku la huduma ya kwanza na mitungi ya kuzimia moto wananunua kwa kuchangiana. Kwangu ni safari moja badala ya tano, na wao wanabanana wenyewe. Anayeacha maranda yarundikane karibu na jiko la gundi anasemwa na jirani yake kabla sijafika.

Mitungi nayo ina mambo yake. Nilikuta mingi imefungiwa ofisini isije ikaibwa, mshale wake wa presha ukiwa umeshatoka kwenye kijani. Nilimwomba askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji aje afundishe, tukawasha maranda ndani ya pipa lililokatwa, kila fundi akavuta pini na kupuliza mwenyewe. Mwenye uwanja alinuna kwa sababu ya gharama ya kujaza mtungi upya. Lakini mtu ambaye hajawahi kuushika mtungi hataanza kusoma maelezo yake moto ukiwa kwenye turubai. Namba 114 iliandikwa ukutani kwa rangi nyekundu siku ileile.

Kutoka useremala nikaingia kwenye mashine za kusaga Manzese. Huko hatari kubwa ni mkanda unaozunguka wazi na akina mama waliopanga foleni na khanga zao pembeni yake. Wavu wa chuma na fremu, kazi imekwisha, pamoja na kusogeza foleni upande wa pili. Vumbi la unga kazi yake ni ndefu zaidi. Linaingia mapafuni, na likijaa hewani katika chumba kilichofungwa linaweza kulipuka likikutana na cheche. Kwa hiyo dirisha, kufagia kila siku, na hakuna kuchomelea ndani wakati mashine inasaga.

Washindani ninao, ila wengi wanauza karatasi. Nimeshaonyeshwa sera ya usalama ya duka la kushona sare iliyokuwa inaeleza taratibu za kushuka kwenye visima vya mafuta. Mwenye duka alikuwa ameilipia na kuitundika ukutani kwenye fremu. Sera ninazoandika mimi hazizidi ukurasa mmoja, ziko kwa Kiswahili, na mafundi husomewa kwa sauti kabla bosi hajasaini. Wateja wanaotaka kurasa thelathini nawaambia waziwazi siziandiki.

Kwa anayetaka kuanza kazi hii, mkataba auangalie kuliko hata bei. Wangu unaeleza kwamba mwajiri ndiye mwenye wajibu kisheria, mimi natoa ushauri na msaada. Umetaja pia ninachofanya na nisichofanya: kupima afya ni kazi ya madaktari wenye idhini, kukagua kisheria ni ya OSHA. Na kuna kifungu kimoja nilichokiongeza kwa hiari yangu: nikisema mashine isimame nayo ikaendelea kufanya kazi, naandika kwenye daftari, mwenye karakana anasaini kuwa ameona. Wengi wakifika kwenye kusaini wanaizima wenyewe. Mmoja wa Buguruni alikataa kuzima na akakataa kusaini, msumeno ukiwa umepasuka ufa unaoonekana kwa macho. Nilifunga mkataba asubuhi ile, nikamrudishia hela ya mwezi aliyokuwa ameshatuma, na mafundi wake nikawaeleza pale pale kwa nini naondoka.