Nilivyohamishia Kaloleni Kiwanda Changu cha Nazi

Kwa miaka mingi nilikamua mafuta ya nazi katika karakana ya kukodi huko Jomvu, Mombasa, ilhali karibu nazi zote nilizotumia zilitoka Kaloleni, ng'ambo ya mpaka wa Kaunti ya Kilifi. Leo kazi ya kufua, kupasua, kukausha na kukamua inafanyika Kaloleni kwenyewe, na mjini nimebakiza ghala dogo, ujazaji wa chupa na mauzo. Naeleza jinsi hatua hiyo ilivyowezekana kwa sababu wenzangu wenye karakana ndogo hapa Mombasa huniuliza mara kwa mara, na kwa sababu nimesikiliza hotuba nyingi kuhusu kupeleka viwanda mashinani ambazo hazimwambii mtu mwenye mashine mbili aanzie wapi.

Kilichonisukuma kwanza ni hesabu ya uzito. Takriban theluthi moja ya uzito wa nazi isiyofuliwa ni makumbi, yaani ganda la nje lenye nyuzi, na karibu robo ni maji. Nyama yenyewe, ambayo ndiyo yenye mafuta, haifiki theluthi. Kwa hiyo kila lori lililoteremka Mazeras kuja Jomvu lilibeba, kwa sehemu kubwa, vitu nisivyovihitaji, na vikishafika nilimlipa mtu mwingine aviondoe, vikaishia jaani Mwakirunge. Makumbi hayohayo yakibaki karibu na shamba ni usumba, yaani nyuzi za kamba na magodoro, na unga wake hununuliwa na wenye vitalu vya miche. Vifuu ni makaa mazuri, na mashudu yanayobaki baada ya kukamua ni chakula cha ng'ombe. Mjini nilikuwa nikitoa pesa ili mali itupwe.

Jambo la pili lilikuwa vijana. Baadhi ya wafanyakazi wangu walitoka Kaloleni na Rabai, wakapanga vyumba Jomvu na Mikindani, na sehemu kubwa ya mshahara ikamezwa na kodi ya nyumba na nauli ya kurudi kwao mwisho wa mwezi. Ilinisumbua kuona mtu anaiacha nazi kwao, anaifuata mjini, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu.

Nilimwomba mhasibu wangu anipangie vivutio vyote ambavyo Serikali imeviweka kwa wawekezaji wa viwanda, nikitumaini kwamba kimojawapo kingenifaa. Sheria ya maeneo ya EPZ ya mwaka 1990 humpa mwekezaji miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, kisha asilimia 25 kwa miaka 10 inayofuata, lakini imelengwa kwa anayezalisha ili auze nje ya nchi. Wateja wangu wako Kongowea, Malindi na Nairobi. Sheria ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi ya mwaka 2015 hutoza asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata, na kwetu eneo kubwa la aina hiyo ni Dongo Kundu, upande wa Likoni, karibu na bandari na mbali na minazi yangu. Kisha mhasibu akanionyesha kifungu kilicholetwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2021, ambacho kilimruhusu anayewekeza nje ya Kaunti za Nairobi na Mombasa kukata gharama yote ya mtaji wake kwenye hesabu ya kodi katika mwaka mmoja. Nilifurahi mno, kwani hapo ndipo niliona sheria ikimtazama mtu anayetaka kuihama Mombasa. Sharti lake lilikuwa uwekezaji wa angalau shilingi milioni 250 katika mwaka huo.

Sisemi kwamba vifungu hivyo ni vibaya, maana kiwanda kikubwa huajiri mamia ya watu na nchi inavihitaji viwanda vya namna hiyo. Nasema kwamba kiwango hicho kilimwacha nje karibu kila mwenye karakana ninayemjua Jomvu, Changamwe na Shimanzi, na hao ndio watu ambao mashine zao zingeweza kuhamia kijijini kesho bila kungoja mgeni kutoka ng'ambo. Nilichokipata mimi ni mkopo wa mashine ya kukamua kutoka Kenya Industrial Estates, shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya viwanda vidogo, na ushauri wa afisa wa biashara wa kaunti ambaye alinipangia vibali kwa utaratibu wake: ardhi kwanza, mazingira pili, kisha usajili wa mahali pa kazi, na alama ya ubora mwisho. Utaratibu huo ulinifaa kuliko msamaha wowote wa kodi, kwa sababu kila kibali hudai kingine kiwe kimekwisha kupatikana.

Ardhi sikuinunua. Niliikodi kutoka kwa familia moja iliyokuwa na uwanja ulioachwa baada ya minazi mikongwe kuanguka. Hata kukodisha shamba la kilimo kunahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi hutaka kujua kwamba familia nzima imekubali, si mwenye hati peke yake. Mzee alikubali mapema. Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akiulima ule uwanja, alikaa kimya kila nilipofika. Nikamfuata jikoni, tukakaa kwenye vibao vya mbuzi mimi na yeye, akiendelea kukuna nazi ya chakula cha mchana. Baada ya muda akauliza, "Mama, hizo mashine zako zikishindwa, uwanja wangu utaurudisha vipi?" Lilikuwa swali la haki, na halikuwamo katika karatasi yoyote niliyoandikiwa na wakili. Tuliongeza kipengele kinachosema kwamba mkataba ukiisha nitavunja sakafu ya saruji na kuondoa kifusi, na kwamba tangi la maji litabaki kuwa mali ya familia. Mwenyekiti wa bodi alikisoma kipengele hicho kwa sauti mbele ya kikao kabla ya kutoa idhini. Ningemshauri yeyote anayekodi ardhi mashinani akiandike kabla hajaulizwa.

Upande wa mazingira, swali kubwa la NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, lilihusu makumbi. Njia ya zamani ya kupata usumba ni kuyaloweka makumbi majini kwa miezi kadhaa mpaka yaoze, kisha kuyapiga. Maji yake hunuka na huharibu visima vya jirani. Nilichagua mashine ya kuyachana yakiwa makavu, ingawa usumba wake ni mgumu kidogo na bei yake si ya juu kama ya usumba uliolowekwa, kwa sababu mahali pale watu wengi huteka maji ya kisima.

Baraza la chifu ndilo lililoamua kama nitapata nazi au la. Anayetazama kutoka mjini hudhani kwamba palipo na minazi pana nazi, lakini Kaloleni na Rabai ni nchi ya wagema pia, na kole, yaani shada la maua ya mnazi, likigemwa halizai. Mgema mmoja wa siku nyingi alisimama chini ya mwembe akasema, "Mwanangu, mnazi wangu hunilipa asubuhi na hunilipa jioni. Huo wako wa kiwanda utanilipa lini?" Nazi huchukua takriban mwaka mzima kukomaa tangu kole lichanue, kwa hiyo hoja yake ilikuwa nzito, na sikutaka kushindana naye wala kumtaka mtu yeyote aache kugema. Nilieleza mambo mawili. La kwanza, nitanunua nazi iliyofuliwa kwa kilo, wala si kwa hesabu ya mia, ili nazi ndogo ambazo madalali huzitupa pembeni zipate bei yake. La pili, malipo yataingia kwenye simu ya mkulima kabla gunia halijaondoka kwenye mizani. Hilo la pili ndilo lililowaleta. Nimelishika hata katika miezi ambayo wanunuzi wa Nairobi walichelewa kunilipa, na kwa ajili hiyo huweka akiba ya ununuzi katika akaunti ya peke yake isiyoguswa kwa jambo jingine.

Umeme ungeweza kuzuia kila kitu. Laini iliyopita karibu na shamba ilikuwa ya fezi moja, na mashine ya kukamua inahitaji fezi tatu. Kuvuta laini na kuweka transfoma ni gharama na ni kungoja. Badala ya kufunga mradi mpaka umeme ufike, nilihamisha kwanza kazi zisizohitaji umeme: kufua kwa kifuo, kupasua na kukausha. Nyama ya nazi ikikaushwa Kaloleni kuwa mbata na kupelekwa Jomvu kukamuliwa, tayari makumbi, maji na vifuu vimebaki kijijini, na uzito wa mzigo umepungua kabisa. Kwa hiyo kazi ilianza, mishahara ikaanza kulipwa, na wakulima wakaniona kwa macho yao kabla mashine hata moja haijafungwa. Umeme ulipofika, mkamuo nao ukahamia.

Kukausha ndipo mafuta yanapopatikana au yanapoharibika. Nyama ya nazi mbichi karibu nusu yake ni maji, na mbata nzuri inapaswa kubaki na unyevu wa takriban asilimia 6. Ikizidi hapo huota ukungu, na ukungu unaweza kuleta sumu ambayo hakuna kuchuja kutakakoiondoa. Tuna kipimo cha unyevu, lakini kabla ya kipimo kuna dada anayesimamia vichanja, mzaliwa wa palepale, ambaye huchukua kipande kutoka katikati ya kichanja, mahali hewa isipofika vizuri, na kukivunja kwa vidole sikioni mwake. Kikilia, mbata imeiva. Kikipinda, kichanja kizima kinarudi tanurini, hata kama lori linasubiri. Mkaguzi wa KEBS, shirika la viwango la taifa, alipokuja alichukua sampuli zake kwa utaratibu wake, na majibu yalipotoka yalilingana na vidole vya yule dada. Ujuzi wa namna hiyo uko mashinani tayari, na sera inayozungumzia "kuwapa vijana mafunzo" pekee haiuoni.

Kuhusu mishahara nilikuwa na uamuzi ambao baadhi ya wenzangu wanaupinga. Amri za Serikali za mishahara ya kima cha chini huweka viwango vya juu zaidi kwa majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu, na vya chini kwa maeneo mengine, kwa hiyo kisheria ningeweza kulipa pungufu baada ya kuvuka mpaka. Sikufanya hivyo. Waliokuja nami kutoka Jomvu walibaki na mshahara wa Mombasa, na walioajiriwa Kaloleni walianza kwa kiwango hichohicho, pamoja na michango ya NSSF ya uzeeni na SHA ya bima ya afya. Niliona kwamba nikifanya umaskini wa kijiji kuwa faida yangu, vijana hodari watapanda matatu kwenda mjini kama walivyokuwa wakifanya, nami nitabaki na waliokosa nauli. Akiba niliyoipata kwenye usafirishaji na kodi ya karakana imetosha kubeba uamuzi huo, na kwa maoni yangu kaunti inayojitangaza kwa wawekezaji kwa kusifu vibarua wake wa bei nafuu inawauza watu wake.

Kikwazo ambacho sikukitarajia kilikuwa barabarani. Katika kizuizi kimoja cha ushuru wa mazao dereva wangu alitakiwa alipe tena kwa mzigo uliokwisha kulipiwa, na mara nyingine alitozwa kwa mafuta yaliyo katika madumu kana kwamba ni nazi mbichi. Ibara ya 209 ya Katiba, kifungu cha 5, inasema kwamba mamlaka ya kaunti ya kutoza ushuru hayatatumiwa kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti wala usafirishaji wa bidhaa nchini. Niliipiga chapa ibara hiyo, nikaiambatisha na stakabadhi ya ushuru, kibali cha biashara na hati ya mzigo, na sasa kila dereva huondoka na bahasha hiyo. Mara nyingi hufunguliwa, husomwa, na gari huruhusiwa lipite. Hata hivyo bahasha ni dawa ya mtu mmoja, na mwenye gunia kumi za mbata hana wakili.

Tangu mwaka 2023 Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti zimekuwa zikijenga vituo vya kukusanya mazao na viwanda vinavyojulikana kama CAIP, kila kimoja kikikadiriwa kugharimu shilingi milioni 500, nusu kutoka kila upande. Nauunga mkono mpango huo kwa moyo, kwa kuwa unakiweka kiwanda karibu na zao. Ninachoomba, baada ya kupita njia hii, ni kwamba ndani ya vituo hivyo kuwe na nafasi zinazokodishwa kwa mwenye mashine moja, umeme wa fezi tatu uwepo kabla ya paa, na maabara ya pamoja ya kupima mafuta na unga, kwa sababu gharama ya vipimo humwangusha mdogo haraka kuliko kodi. Maombi hayo, pamoja na lile la kufuta ushuru kwa bidhaa zilizokwisha kusindikwa, tumeyaandika sisi na wakulima tunaonunua kwao na kuyawasilisha kama maoni ya umma juu ya mswada wa fedha wa kaunti. Yamepokelewa na kugongwa muhuri, na kamati imetuahidi kikao.

Wakati tukisubiri, tunajenga tanuri la pili linalotumia vifuu, kwa sababu wakati wa masika vichanja vya jua havikaushi, na mwaka uliopita tulilazimika kuwarudisha wakulima na nazi zao kwa kukosa nafasi. Matofali yamekwisha kufika, na fundi ni kijana wa Rabai aliyekuwa akifanya kazi za mjengo Nyali.