Kabla ya Kubadilisha Alteneta, Pima Njia ya Umeme

Pikapu yangu ya zamani ilianza kuonyesha dalili ambazo wenye magari ya umri huo wanazifahamu vizuri: selfu, yaani mota ya kuwashia injini, ilizunguka kivivu asubuhi, taa kubwa zilififia injini iliponguruma taratibu, na betri, ingawa haikuwa kuukuu, haikujaa hata baada ya safari ndefu. Ushauri unaotolewa upesi kwa dalili kama hizo ni kununua alteneta nyingine, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kuzalisha umeme na kuchaji betri. Sikubaliani nao mpaka vipimo viseme, kwa sababu katika gari lililotembea zaidi ya miaka 20 kinachochoka mara nyingi ni nyaya na maungio yake, na alteneta mpya ikifungwa kwenye nyaya zile zile itaonekana mbovu kama ile iliyotolewa.

Huanza na betri yenyewe. Gari likiwa limepumzika kwa saa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi ya chaji, na ikishuka hadi 12.0 au chini ya hapo hakuna kipimo kingine kitakachoaminika mpaka ichajiwe kwanza. Kuukagua mkanda unaozungusha alteneta nako hakupotezi muda: ukiwa umelegea, au ubavu wake umekuwa laini na wa kung'aa, utateleza kwenye puli hasa mzigo wa umeme unapoongezeka.

Taa ya chaji kwenye dashibodi inastahili kueleweka vizuri kuliko inavyoeleweka. Katika magari mengi ya zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoamsha alteneta ianze kuzalisha. Kwa hiyo ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini na taa hiyo isiwake, tazama balbu na fyuzi yake kwanza, maana balbu iliyokatika inaweza kuizuia alteneta nzima kufanya kazi. Kwa upande mwingine, taa kuzimika baada ya injini kuwaka si hakikisho kwamba betri inapata chaji ya kutosha. Kwenye pikapu yangu ilizimika kila mara, na bado betri ilikuwa na njaa.

Kipimo kilichofichua tatizo hakihitaji chochote zaidi ya kipima volti cha kawaida, ila lazima kifanywe injini ikiwa inazunguka kwa kasi kidogo na mzigo ukiwepo: taa kubwa, feni ya ndani na vaipa vyote viwe vinafanya kazi. Nilipima kwenye alteneta, kati ya bolti yake ya kutolea umeme na bodi yake, nikapata volti 14.3, ambazo ni afya kamili. Kwenye betri nikapata 13.1. Volti 1.2 zilikuwa zinapotea njiani, na rejuleta, kidhibiti cha volti kilichomo ndani ya alteneta, haikuwa na habari, kwa kuwa yenyewe ilipima pale pale ilipo na kuridhika.

Kuujua upande wenye hasara ni rahisi. Waya mmoja wa kipimo huwekwa kwenye bolti ya alteneta na mwingine kwenye kichwa chanya cha betri. Hapo nilisoma volti 0.2, jambo la kuvumilika. Kisha waya mmoja kwenye bodi ya alteneta na mwingine kwenye kichwa hasi cha betri: volti 1.0. Upande huo ulipaswa kusoma karibu na sifuri, na mimi huanza kutilia shaka chochote kinachozidi 0.2. Napendekeza kugusa kichwa cha betri chenyewe na si klipu iliyokifunga, ili muunganiko wa klipu nao uingie katika hesabu.

Waya mnene wa erthi, unaotoka betri kwenda kwenye injini, ulionekana mzima kwa nje. Nilipoufungua upande wa injini, chini ya jicho lake palikuwa na kutu ya kahawia iliyochanganyika na rangi na grisi kavu, na nilipochana mpira sentimita chache kutoka mwisho, shaba ilikuwa nyeusi, nyuzi zake zikikatika kwa kupindwa na vidole tu. Niliweka waya mpya wa unene ule ule, nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikakaza nati, ndipo nikapaka grisi kwa juu. Mzigo ule ule ukiwepo, betri ilisoma volti 14.1, na alteneta ya zamani bado iko mahali pake.

Zipo hali ambazo alteneta kweli ina hatia. Ikiwa volti kwenye bolti yake hazipandi ingawa mkanda ni mzima na umeme wa kuiamsha unafika, kaboni zake, vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, huenda zimeisha, na katika alteneta nyingi hizo hubadilishwa peke yake. Volti zikizidi 15, rejuleta imeshindwa kuzuia na betri itachemka. Kipimo kikiwekwa kwenye umeme wa mkondo geu (AC) na kusoma zaidi ya nusu volti kwenye betri injini ikizunguka, daiodi, zinazogeuza mkondo geu wa alteneta kuwa mkondo wa moja kwa moja, ni za kushukiwa. Kile kisichofaa kabisa ni kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inazunguka ili kuona kama itazimika: volti huruka ghafla na zinaweza kuunguza daiodi zilizokuwa nzima pamoja na rejuleta.

Baada ya marekebisho, betri iliyokwisha kabisa ijazwe kwa chaja ya polepole kabla ya gari kurudi barabarani. Alteneta imeundwa kurudisha umeme uliotumiwa na selfu na kuhudumia gari linapotembea. Kuilazimisha ijaze betri tupu, hasa alteneta ikiwa ya zamani, huipasha joto kupita kiasi kwa muda mrefu.