Kabla jani la mkungu halijaanguka

Mkungu ulio mbele ya nyumba yetu umeanza kupukutisha majani, na kila ninapofagia uwanja huchagua jani moja jekundu kabisa nikaliweka kando ya lile bichi. Wengi wetu huliona jani jekundu kuwa limejifia tu, ilhali ndani yake kumepita kazi kubwa. Katika jani bichi sehemu kubwa ya protini imo ndani ya kloroplasti, vijisehemu vya kijani vya seli ambamo jani hutengenezea chakula, hasa rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi, ambacho katika mimea mingi hufikia hata nusu ya protini yote ya jani inayoyeyuka katika maji. Jani linapozeeka, vimeng'enya viitwavyo protiasi huikata protini hiyo vipande vipande hadi zibaki amino asidi, yaani viungo vidogo vinavyoijenga protini, ambazo husafirishwa kupitia floemu, mishipa ya mmea inayobeba chakula, kwenda kwenye machipukizi na mbegu, zikiwa zimebeba naitrojeni ambayo mti uliitafuta kwa taabu ardhini. Klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, nayo huvunjwa. Kinachonistaajabisha zaidi ni utaratibu wenyewe: mitokondria, zinazotoa nishati ya kazi hii yote, huachwa zifanye kazi karibu hadi mwisho, na kwa kawaida seli za kikonyo hulegea na kuliachia jani baada ya sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo kurudishwa mtini.