Kumfuata kipunji: toka Mang'ula mpaka msitu wa Rungwe

Safari yote hii sababu ni kipunji. Kwa asiyemjua, ni kima wa milimani, anaishi Tanzania tu, hamna nchi nyingine duniani utampata, na nimekuwa nasoma habari zake tangu niko chuo. Kilichonishika siyo uadimu wake peke yake. Huyu mnyama alipewa jina la kisayansi mwaka 2005, mwaka uliofuata tu akahamishiwa jenasi nyingine kabisa (jenasi ni kama ukoo wa viumbe ndugu), na ushahidi wote uliomhamisha ulitoka kwenye misitu yetu hapa hapa. Nikasema lazima niende nikaone mwenyewe.

Nilianzia Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, na watu waliniuliza sana kwanini huko wakati kipunji wengi wako Rungwe. Sababu ni mangabi wa Sanje, kima mwingine wa misitu hiyo ya Udzungwa. Bila kumwelewa huyo huwezi kuelewa ubishi wa kipunji awekwe jenasi gani. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa msituni pale juu ya Sanje wakasikia sauti ya kima wasiyoitegemea, na mwenyeji aliyekuwa nao hakushangaa hata kidogo maana wao walikuwa wanamjua siku zote, wanamwita ng'olaga. Leo anaitwa Cercocebus sanjei. Kwenye njia ya maporomoko tuliwakuta kundi zima wako chini wanachakura majani makavu, na mmoja alikaa karibu kiasi kwamba akipepesa macho unaona kope zake nyeupe kabisa, zinang'aa kwenye ule uso wa rangi ya majivu. Shika hilo la kope, tutalihitaji.

Zamani mangabi wote waliwekwa jenasi moja. Baadaye mifupa na vinasaba vikaonyesha ni makundi mawili yanayofanana tu kwa nje: wale wa chini, Cercocebus, ndugu zao wa karibu ni mandrili, na wale wa juu ya miti, Lophocebus, wao wako karibu na nyani. Kufanana siyo undugu, na mimi naona hapo ndo moyo wa kazi yote ya kupanga viumbe.

Toka Mikumi nikapanda basi la Mbeya. Pale Kitonga basi linapanda kona kona polepole, nikawa natazama milima upande wa kushoto maana huko ndani kabisa, mbali na barabara, ndo kuna msitu wa Ndundulu ambako watu wa pili walimwona kipunji. Nilikaa na mama mmoja mwalimu mstaafu anarudi kwake Uyole, akaniuliza nakwenda Mbeya kufanya nini, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema, "Sasa mwanangu, mtu akishamwona mnyama mpya si anampa jina tu yakaisha?"

Nikamwambia hapana mama, kuna sheria. Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia kitabu cha mwaka 1758 cha Linnaeus, yule msomi wa Sweden aliyeanzisha utaratibu wa kuyapanga, na siku hizi ukitaka jina lako likubalike lazima ulichapishe mahali watu wote wanaweza kulisoma, ueleze huyu anatofautianaje na wenzake wa karibu, na uonyeshe kielelezo, yaani mnyama mmoja halisi ambaye jina limefungwa kwake, ili hata miaka mia baadaye mtu akibisha aende akamwangalie yule yule. Kwa kawaida kielelezo kinakaa makumbusho, ngozi na fuvu.

Ila kipunji hakuwa hivo. Watu wa WCS, shirika la kimataifa la kuhifadhi wanyamapori, waliokuwa wanafanya utafiti Rungwe na milima ya Livingstone walianza kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa mwaka 2003, na mwanzoni walisita kwasababu kwenye masimulizi ya kule wanyama wa kweli na wa mizimu wanatajwa pamoja. Baadaye wakamwona kweli. Mwaka 2004 timu nyingine ya mtafiti Trevor Jones ikamwona Ndundulu, kilomita mia kadhaa toka Rungwe, bila timu moja kujua habari za nyingine! Walipokutana wakaandika pamoja, jarida la Science, 2005, wakamwita Lophocebus kipunji. Na hawakuua hata mmoja. Kielelezo kilikuwa dume mzima wa Ndundulu aliyepigwa picha, na kisheria kielelezo siyo ile picha, ni yule dume mwenyewe aliye hai juu ya mti. Kuna wataalamu hawakupenda, wakasema bila mwili utachunguza nini. Mimi nawaunga mkono waliokataa kuua, mnyama mchache namna ile unampiga risasi ili iweje? Lakini hoja ya wale wengine nayo ilikuwa na uzito, na muda si mrefu ikaonekana.

Mama alishuka Uyole, akanitakia heri, akasema nikimwona nimsalimie.

Toka pale Coaster za Tukuyu hazikosekani, barabara inapanda, baridi inaingia, pembeni ni viazi, migomba, parachichi na chai. Kibali cha hifadhi unakipata TFS, wakala wa serikali wa misitu, Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, na huruhusiwi kuingia bila mtu wa kukuongoza. Nikapata kaka mmoja mwenyeji aliyewahi kufanya kazi ya kufuata makundi ya kipunji kwa miguu. Tukalala Isongole, asubuhi kabla hakujakucha vizuri tukaingia msituni.

Huo msitu bwana, unyevu mtupu! Hata kama mvua hainyeshi miti inadondosha maji, mashina yamevaa moss mpaka huoni gome, na tope linashika buti unalivuta kwa mikono. Kipunji anakaa huku kuanzia kama mita 1,750 hadi 2,450 na baridi ya huku ndo imempa manyoya marefu. Kaka alikuwa anatembea kimya, akisimama nasimama, na mara nyingi alisimama kwa ajili ya kima wa kawaida au mbega. Nikamuuliza kwanini hatafuti kwa macho, akasema, "Macho baadaye mdogo wangu, huku unaanza na sikio."

Na kweli. Mchana umeshakaribia ikatoka sauti juu ya bonde, nzito, fupi, kama anabweka huku anapiga honi, alafu wengine wakajibu. Hapo nilisisimka, maana hiyo sauti ni sehemu ya maelezo rasmi ya spishi! Mangabi wa miti wana mlio wao mkubwa unaojulikana, wa kupaza alafu kugugumia, unasikika mbali sana, na kipunji hana huo, ana huu tu. Kwahiyo tangu siku ya kwanza kuna kitu kilikuwa hakikai sawa kwenye jenasi aliyopewa, ila kwa umbo na kukaa mitini alifanana na Lophocebus kuliko mwingine yeyote, na kope zake ni nyeusi kama uso, siyo nyeupe kama za ng'olaga.

Tukawafuata tukishika mizizi. Wa kwanza nilimwona mgongo tu, kahawia. Wa pili alikaa kwenye tawi lililo wazi akageuka, uso mweusi, ndevu za mashavuni zimetoka pembeni, na juu ya kichwa kishungi cha nywele kimesimama wima. Tumbo lina weupe uliofifia, mkia mrefu ncha yake nyeupe. Alitutazama, akabweka tena, nikaona kifua kinavyotikisika, akaruka na kundi likamfuata. Sikutoa simu, nilitaka kumwangalia.

Tulipumzika kwenye gogo, kaka akanionyesha upande wa mashamba, mahindi yanafika ukingoni kabisa mwa msitu. Baada ya jina kutoka 2005, kipunji mmoja dume ambaye hajakomaa alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima huku Rungwe. Kwa mara ya kwanza wataalamu wakapata mwili. Fuvu likasema huyu ni kama mangabi. Vinasaba vikasema ndugu yake wa karibu ni nyani, Papio. Sasa utamweka wapi? Jenasi inatakiwa iwe kama ukoo, babu mmoja na wajukuu wake wote, huwezi kumchukua mtoto wa nyumba hii ukamwandika nyumba ile kwasababu wanafanana pua. Kumwacha Lophocebus ni kuvunja ukoo, na kumwita Papio nako hakuingii, hana lile domo refu la nyani wala maisha ya kutembea chini. Kwahiyo mwaka 2006 akajengewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima Afrika tangu 1923 alipopewa ya kwake yule kima wa vinamasi wa Kongo, Allenopithecus. Jina la kipunji lenyewe halikuguswa. Sheria inasema spishi ikihama jenasi jina la pili linahama nayo, na walioliandika mwanzo wanawekwa kwenye mabano, kwahiyo ukiona mabano baada ya jina la mnyama ujue huyo alianzia nyumba nyingine. Mwili wa yule dume uko Field Museum, Chicago.

Na bado haijaisha, hapa ndo nikapenda zaidi. Utafiti uliofuata uliona vile vinasaba vya upande wa mama vya kipunji wa Rungwe vinaingia ndani kabisa ya nyani, mpaka wengine wakauliza kama huyu siyo nyani tu. Ndipo wakatafuta sampuli ya Ndundulu, na ya kule ikatoka tofauti, haimo ndani ya nyani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba zamani sana kipunji wa Rungwe walizaliana na nyani na alama ya mama ikabaki. Nikamweleza kaka, akacheka kidogo akasema nyani anawaona mpaka leo wanapita chini ya mlima kwenye mashamba.

Kwahiyo wale wa Ndundulu ndo wenye majibu mengi, na ndo wachache kupita kiasi. Hesabu iliyochapishwa 2008 ilipata kipunji 1,117 wote, na Ndundulu walikuwa 75 tu. Nafsi yangu ingependa kwenda kule pia, kupitia Udekwa, wilaya ya Kilolo, lakini nilipouliza utaratibu kaka akaniambia ukweli kwamba kundi dogo namna ile kila mgeni ni usumbufu. Nikaona ana haki. Nimeiondoa Ndundulu kwenye mipango, na anayetaka kumwona kipunji naomba aende Rungwe, achukue kibali, amlipe mwenyeji wa kumwongoza vizuri, na mahindi ya kuchoma anunue kwa wakulima wa pale ukingoni, maana hao ndo wanaoishi naye kila siku.