Mvua ya saa nne asubuhi

Kilimanjaro niliianza nikiwa mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi, nikibeba mahema na mitungi ya gesi. Siku hizi nabeba spana na kompyuta. Huu ni mwaka wa tatu nahudumia kituo kidogo cha hali ya hewa jirani na Lava Tower, ule mwamba uliosimama kama mnara, mita kama 4,600 kutoka usawa wa bahari. Kila baada ya miezi mitatu napanda kukiangalia.

Kukifunga tulikwenda watu wanane. Getini Machame mizigo hupimwa, mwisho kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo mlingoti ulipanda vipande vipande. Kilichotutesa ni betri. Hema hukaa mgongoni likatulia, betri hukuchimba mbavu njia nzima. Siku ya tatu mchana tukafika, ukungu umeshuka, na bolti zile ndogo hazishikiki ukiwa na glavu. Ukizivua, muda si mrefu vidole vimekufa ganzi. Ikawa kupokezana: huyu akaze bolti tatu, aweke mikono kwapani, mwenzake apokee spana. Nyaya tulizipitisha ndani ya bomba la chuma, maana kule kuna panya, na kuna wale kunguru wenye baka jeupe shingoni ambao hawaachi kitu kinachoning'inia.

Safari ya kwanza ya kushusha data nilirudi nyumbani na furaha. Kufungua jedwali, naona mvua ya Aprili inanyesha karibu saa nne asubuhi. Kesho yake, saa nne tena. Nimeishi na mlima huu tangu utoto. Asubuhi Kibo, kilele chake kirefu, huwa wazi, mawingu yanapanda kutoka msituni jua likishapata nguvu. Na kipimo cha mwanga, dakika zile zile, kilikuwa kinasoma jua kali.

Nikampigia mzee aliyenifundisha kubeba mzigo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshuka salama?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na usiku wake theluji haikuanguka?"

Kumbe ndiyo hiyo. Kipimamvua chetu kina faneli, na chini yake vikombe viwili vidogo vilivyokaa kama pembea. Kimoja kikijaa milimita 0.2 ya mvua kinapinduka, kinamwaga, na mashine inahesabu moja. Theluji haipindui kitu. Inalala kwenye faneli usiku kucha, jua likiipata inayeyuka, tone kwa tone, na mashine inaandika mvua kwa uaminifu wote. Tena upepo umeshapeperusha sehemu yake kabla haijayeyuka, kwa hiyo hata kiasi kinapungua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, walioweka kituo juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo Februari 2000, walitumia kifaa kinachotuma sauti chini na kusikiliza mwangwi wake. Umbali ukipungua, theluji imeongezeka. Ukizidi, theluji au barafu yenyewe imeliwa. Nakitamani sana kifaa hicho. Nimeshakiombea fedha na nitaendelea kuomba, kwa sababu watu wa huku chini wanaolima migomba na kahawa kwa maji ya mifereji wanastahili takwimu za kweli za mlima wao.

Mistari ile sikuifuta. Nimeitia alama na kuandika pembeni: theluji ya usiku. Halafu nikanunua daftari la kurasa 200, nikalifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulitia ndani ya kisanduku cha betri pamoja na penseli, maana wino huganda. Nikawaomba waongoza watalii wanaopita waandike saa na wanachokiona.

Mwezi uliopita nililifungua. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa haraka: "Saa 12 asubuhi. Theluji mpaka kifundo cha mguu. Faneli imejaa, sijaigusa."

Nilikaa juu ya jiwe nikausoma mara tatu.