Nozeli Tatu kwa Siku

Niliponunua mashine ya plazma, ile inayokata chuma kwa hewa iliyobanwa na kupashwa na umeme mpaka inakuwa moto mkali, nilitamba mtaa mzima. Miaka yote hapa Ujiji tulikuwa tunakata chuma kwa gesi au kwa grenda, na ukiipa grenda pleti ya milimita 6 inakula diski na mgongo wako pia. Plazma ya ampea 60 ilipita kwenye pleti ileile kama mtu anachora na kalamu. Kazi yangu kubwa ni mashine za kukamulia mawese, kwa hiyo hesabu niliiona tamu. Ilikuwa Agosti, Kigoma imekauka, vumbi mpaka kwenye kope.

Novemba mvua ikafika, na mashine ikaanza kula nozeli, vile vidude vya shaba vyenye tundu moto unapotokea.

Ilikuwa inakata mita mbili tatu vizuri, halafu mwanga unageuka wa kijani, mkato unapanuka, na chini ya pleti inabaki slagi, yaani mabaki ya chuma kilichoyeyuka, ngumu ya kugongwa kwa nyundo. Nikifungua tochi, yaani kile kishikio cha kukatia, nakuta tundu la nozeli, ambalo linatakiwa kuwa duara kamili, limekuwa kama yai. Jumatatu moja nilibadilisha nozeli tatu kabla ya adhuhuri, na elektrodi zake, vile vipande vya ndani moto unapoanzia. Vipuri hivyo naagiza Dar es Salaam, vinakuja na basi. Jirani yangu wa gesi alikuwa ananicheka kwa adabu.

Nikalaumu vipuri feki, maana ndicho fundi yeyote anachoanza kulaumu. Nikabadilisha duka. Nikapandisha presha ya hewa hadi bar 7 nikidhani tochi inakosa nguvu, ikawa mbaya zaidi: moto unasita kuwaka, na elektrodi inachimbika haraka kuliko mwanzo.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi za chuma kwenye meli, alikuja kuungiwa mguu wa kitanda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kuangalia ninavyohangaika.

"Fundi, hewa yako umeipima?"

Nikamwonyesha geji.

"Hiyo ni presha. Mimi nakuuliza kama ni kavu."

Akaokota kioo cha pikipiki kilichokuwa mezani, akaniambia niwashe swichi ya kupima hewa, ile inayopuliza bila kuwasha moto. Akakishika kioo mbele ya tochi. Muda mfupi tu kikaingia ukungu, kisha vitone, kisha tone moja likateremka mpaka kidoleni kwake. Akanipa kioo bila kusema neno.

Ndipo nikaelewa. Kompresa inavuta hewa ya hapa hapa, na wakati wa mvua, ziwa likiwa mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni, hewa hiyo imejaa mvuke. Ikibanwa inapata joto, na hewa ya moto inaubeba mvuke bila shida. Ikifika mbele kwenye mpira na tochi imeshapoa, mvuke unageuka maji. Mimi nilikuwa nimefunga kichujio cha maji palepale kompresa inapotolea hewa, nikajiona mjanja. Lakini pale hewa bado ni ya moto. Mvuke ulikuwa unapita kwenye kichujio kama abiria mwenye tiketi.

Elektrodi ya plazma ni shaba, na katikati ya uso wake kuna punje ndogo ya madini ya hafniamu. Moto unashika kwenye hiyo punje. Maji yakiingia, moto unayumba, punje inaliwa upesi, kisha shaba yenyewe inaanza kuungua. Ule mwanga wa kijani niliokuwa nauona ulikuwa shaba yangu inayoteketea.

Dawa yake haikuwa ghali. Nilizungusha bomba la shaba ndani ya ndoo kubwa ya maji, hewa ikitoka kwenye tangi la kompresa inapita humo kwanza ipoe. Baada ya ndoo bomba linashuka hadi kwenye koki ya kumwagia maji, ndipo linapanda, na kichujio nikakihamishia mwisho kabisa, karibu na mashine. Siku ya kwanza nilipofungua koki baada ya saa mbili za kazi, yalitoka maji ya kujaza kikombe cha kahawa, ya rangi ya kutu. Yote hayo yangepita kwenye tochi! Tangi la kompresa nalo sasa namwaga asubuhi na mchana. Zamani sikumbuki kama niliwahi.

Presha nikairudisha bar 5, na ninaiseti hewa ikiwa inapuliza. Ukisoma geji hewa ikiwa imesimama itakudanganya. Ukibonyeza tu inashuka.

Kijana wangu wa kazi yeye alikuwa na kosa lake. Akimaliza kukata anazima mashine palepale ili kuokoa umeme. Ile hewa inayoendelea kupuliza sekunde kadhaa baada ya kuachia kitufe ndiyo inayopoza tochi. Nilimgombeza, akaendelea. Nikamfungulia tochi nikamwonyesha ile pete ya ndani ya kuzungusha hewa ilivyopata ufa, siku hiyo akaacha. Pia nimemzuia kuwasha moto hewani kuwaonyesha watoto wa shule: kila unapowaka, punje inapungua kidogo. Nikiona shimo kwenye elektrodi limefika milimita moja na nusu, naitoa pamoja na nozeli yake. Kuoanisha mpya na kuukuu ni kumchosha mpya.

Kabla ya kufungua tochi, plagi inatoka ukutani. Hapo sina mzaha. Mashine ya kuchomelea ya kawaida ikiwa imetulia ina volti 70 au 80 hivi. Ya plazma inapita 200. Masika sakafu yetu inaloa, kwa hiyo tunasimama juu ya mbao, glovu ni kavu na buti nazo ni kavu. Kibanio cha ethi, kinachorudisha umeme kwenye mashine, nakibana kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu, kwenye kipande chenyewe ninachokata, mezani sikibani. Nikitoboa katikati ya pleti nainamisha tochi kwanza ili cheche zirukie pembeni, kisha naisimamisha taratibu. Cheche zinatakiwa kutoka chini. Zikirudi juu usoni, umekimbia kabla chuma hakijatoboka.

Kuna somo moja nililipata kwa mwili wangu. Mvua ilikuwa kubwa, nikafunga mlango nikakata mabomba yaliyopakwa zinki. Usiku nikatetemeka, mdomo una ladha ya chuma, mke wangu akaniambia baba watoto hiyo malaria. Asubuhi kipimo kikasema hamna kitu, na kufika kesho yake nilikuwa mzima. Ulikuwa moshi wa zinki. Sasa bomba la namna hiyo nalikatia nje, upepo ukiwa mgongoni, au kazi inasubiri mvua iishe.

Mapipa nayo huletwa sana, watu wanataka yakatwe yawe masufuria ya kuchemshia mawese. La petroli silipokei, hata uniapie kwamba umeliosha na sabuni mara tatu. Mvuke unabaki kwenye mikunjo ya kifuniko. Mteja mmoja alinuna akaenda kwingine, aende.

Wiki iliyopita nozeli moja imenivusha Jumatatu hadi Alhamisi. Yule mzee nilimtengenezea kitanda bure. Kioo cha pikipiki kinaning'inia juu ya kompresa, kila asubuhi tunapima nacho, ingawa mwenye pikipiki ameshakuja kukidai mara mbili.