Mluzi kwa spika za gari: sikiza kwanza ndio ununue filta

Jirani yangu anaendesha teksi ya app, gari ndogo tu ya kutoka Japani, na juzi alifungiwa ampu (ile mashine ya kukuza sauti) na wufa (spika ya besi) huko nyuma kwa buti. Ikiwa injini imezimwa muziki uko sawa kabisa, lakini akipiga stata inaanza wiiiiii, akikanyaga mafuta mluzi unapanda, akiachilia unashuka, mpaka abiria anauliza kama gari iko salama. Akarudi kwa fundi Kirinyaga Road, akaambiwa "bosi hapo ni filta tu", akauziwa filta, kale kadude ka kuzuia kelele, mluzi ukapungua kiasi ukabaki palepale. Mimi naona filta kwa hii maneno ni kama panadol, inatuliza lakini kinachouma bado kiko.

Kitu watu wanaruka ni kusikiza. Hiyo kelele inakuambia yenyewe inatoka wapi, mradi uwe na subira. Kwanza weka swichi kwa ACC bila kuwasha injini. Kama kelele iko hapo tayari, oltaneta (ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka) haina makosa, haizunguki hata. Kama inakuja tu injini ikiwaka na inafuata mguu wako, hiyo ni ya oltaneta, na simaanishi oltaneta imeharibika, namaanisha umeme wake umepata njia ya kuingia kwa muziki. Halafu punguza sauti ya redio mpaka sufuri. Mluzi ukibaki vilevile, unaingilia baada ya redio, yaani kwa zile waya za RCA zinazobeba muziki kutoka redio mpaka ampu, ama kwa ampu yenyewe. Ukipungua na sauti, unaingilia kabla, labda kwa antena ama kwa simu uliyochomeka. Hapo umeshagawa gari mara mbili na hujalipa mtu.

Ya jirani ilibaki vilevile. Tukazima ampu, tukachomoa RCA upande wa ampu, tukawasha tena, kimya. Ingeendelea kulia bila RCA, shida ingekuwa ni moto wa ampu (waya ya kuleta umeme kutoka betri) ama ethi yake (waya ya kurudisha umeme kwa bodi ya gari) ama waya za spika. Sasa ikawa ni kufuata ile RCA kurudi mbele, na haikuwa mbali kuona, juu fundi aliipitisha pamoja na waya nene ya moto kutoka betri, zimefungwa na tepu moja kama ndugu. Usifanye hivyo. Moto upite upande mmoja wa gari, RCA upande wa pili, na kama lazima zikutane zivukane kama msalaba, zisilale sambamba.

Lakini hata tulipozitenganisha haikuisha yote, na hapa ndio penye maneno: ethi. Ampu ilikuwa imefungwa kwa nati ya buti juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme vizuri. Umeme wote wa gari unarudi kwa betri kupitia bodi, sasa kama ethi ya redio imefungwa sehemu moja, nayo ya ampu imefungwa sehemu nyingine mbovu, kunakuwa na tofauti ndogo ya volti kati yao, na hiyo tofauti inapita kwa ganda la waya ya RCA, ampu haijui kama ni mluzi ama ni gitaa, inakuza tu. Kwangua rangi na msasa mpaka uone chuma inang'aa, tumia waya fupi, nusu mita ama chini ya hapo, na unene ule ule wa waya ya moto. Ukitaka uhakika chukua mita ya kupima umeme, weka DC, ncha moja kwa ethi ya ampu, nyingine kwa negativu ya betri, pandisha muziki. Inafaa isome karibu na sufuri. Yake ilikuwa inaruka kila wufa ikigonga, baada ya msasa ikatulia, na mluzi ukaenda.

Ingekuwa bado, ningeshuku redio yenyewe. Kuna redio zina kafyuzi kadogo sana ndani, ka ethi ya RCA, na ukichomoa ama kuchomeka RCA ampu ikiwa hai kanaweza kukatika, ndio nikasema tulizima kwanza. Kujua ni rahisi, gusisha waya kutoka ganda la nje la RCA mpaka bodi ya redio, mluzi ukikatika umepata mwizi.

FM ni hadithi yake. Gari za Japani nyingi redio zake ziliundwa kwa 76 mpaka 90 MHz, na sisi hapa stesheni nyingi ziko juu ya hapo, kwa hivyo watu wanafungiwa kile kidude cha kushusha masafa. Ukiwekewa cha kushusha MHz 16, Radio Jambo ya 97.5 unaipata kwa 81.5, lakini Radio Citizen ya 106.7 inaangukia 90.7 na redio haifiki huko, basi unalaumu antena bure. Vingine ni vya bei ya chini na vyenyewe vinaleta mchakaricho. Lakini kabla ya kukichomoa, chomoa chaja ya simu, kamera ya dashibodi na zile balbu za LED, moja moja, redio ikiwa kwa stesheni hafifu. Mara nyingi ni chaja. Na kama inakatakata tu ukiwa katikati ya majengo ya tao halafu Thika Road iko safi, wachana nayo, ni mawimbi yanagonga kuta.

Kama mluzi uko kwa AUX pekee (ile waya ya kuchomeka simu kwa redio) na simu ikiwa kwa chaji, chomoa chaji usikie. Ukiisha, ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na AUX. Tumia Bluetooth, ama nunua kile kitenganishi cha AUX chenye transfoma ndogo ndani, besi inaweza kupungua kidogo.

Oltaneta yenyewe ndio ya mwisho kupima. Injini ikiwaka betri inafaa isome kama volti 13.8 mpaka 14.4, halafu geuza mita kwa AC palepale kwa betri. Ikisoma karibu nusu volti ama zaidi, daiodi za oltaneta, zile za kugeuza AC iwe DC, zimeanza kufa, na hapo hata ethi ya dhahabu haitakusaidia, peleka ikafunguliwe. Lakini kuna mafundi wanapima kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikinguruma, ati isipozima oltaneta ni nzima. Volti zinaweza kuruka hapo zikachoma kompyuta ya gari, na hiyo bei yake siyo ya redio. Ukimwona anaelekea kwa betri na spana namba kumi na injini bado inawaka, mwambie azime kwanza.